Kidonge cha vitamini D kwa anayesafishwa damu: namna ya kukitumia bila kujiumiza

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, Dar es Salaam. Maswali ninayoulizwa kuhusu mifupa hayafiki kumi, na ni yale yale kila wiki. "Sista, mimi mtu wa Tanga, jua nimeliota tangu utoto, vitamini D imeniishiaje?" "Hiki nimeze na maziwa?" "Magoti yanauma, niongeze kimoja?" Nimekuwa nikijibu nusu nusu huku mkono mmoja uko kwenye mashine, na jibu la nusu kwenye dawa hii ni hatari kuliko kutojibu. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Maelezo haya ni ya mgonjwa mtu mzima aliyeko kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, na ya yule mwanawe au mwenza wake anayebeba faili na mfuko wa dawa. Watoto wana dozi na vipimo vyao, usiwapimie kwa haya. Pia sikuandikii dozi. Hiyo anaiandika daktari wako wa figo akiwa na namba zako mbele yake. Mimi nakuonyesha namna ya kuifuata, kuilinda, na kujua mapema inapokwenda mrama.

Kwanza, kwa nini jua halitoshi

Vitamini D inayotengenezwa kwenye ngozi, au unayoila kwenye samaki, ni mbichi. Hupita kwenye ini ikapikwa mara ya kwanza, kisha huenda kwenye figo kupikwa mara ya pili. Upishi huo wa pili ndio unaoipa nguvu. Mwaka 1970 watafiti Fraser na Kodicek walionyesha huko Cambridge kwamba kazi hiyo hufanywa na figo. Figo zikifa, jiko la pili limezimika. Unaweza kuanika mgongo ufukweni toka alfajiri hadi adhuhuri, bado kitakachopatikana ni unga tu, ugali hakuna.

Bila vitamini D iliyoiva, utumbo hauchukui kalsiamu ya kutosha. Wakati huo huo fosforasi inajaa kwenye damu kwa kuwa figo haziitoi. Shingoni una tezi nne ndogo, za parathiroidi, na kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Zikiona inapungua hutoa homoni iitwayo PTH, na homoni hiyo huvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ni kama mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake apate matofali ya kuuza: hela ya leo anaipata, nyumba inabaki na matundu. Mifupa inauma, inakuwa laini, inavunjika kwa kujikwaa tu. Kalsiamu na fosforasi zinazobaki kwenye damu nazo huenda kuganda kwenye mishipa na moyo.

Nadharia imeisha. Tufanye kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majibu ya damu ya karibuni: kalsiamu, fosforasi, albumini (protini ya damu), PTH, na ALP, kimeng'enya kinachoonyesha mifupa inavyovunjwa na kujengwa. Kama umepimwa vitamini D ya akiba, ile inayoandikwa 25-OH, lete na hiyo.
- Daftari dogo. Simu inaibiwa, inaishiwa chaji, na mwanao hajui neno la siri.
- Dawa zako zote zikiwa kwenye maboksi yake, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe na za mitishamba. Usije na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari.
- Jibu la maswali matatu: unasafishwa mara ngapi kwa wiki, saa ngapi kila mara, na maji ya mashine yako yana kalsiamu kiasi gani. Hilo la tatu wagonjwa wengi hawajui kwamba linaulizwa. Muulize muuguzi wako. Atakutajia namba kama 1.25, 1.5 au 1.75.
- Namba ya simu ya kitengo inayopokelewa.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya majibu, na uanze na vizio

Usiangalie namba kabla ya kuangalia kizio kilicho pembeni yake. Maabara moja inaandika kalsiamu kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Kwa kawaida kalsiamu ni kati ya 2.1 na 2.6 mmol/L, au takriban 8.5 hadi 10.5 mg/dL. Ukitaka kutoka mmol kwenda mg, zidisha kwa 4. Fosforasi ya mtu mwenye figo nzima ni kama 0.8 hadi 1.5 mmol/L, yaani 2.5 hadi 4.5 mg/dL, hapa zidisha kwa 3.1.

PTH ndiyo inayowachanganya wengi. Kuna pg/mL na kuna pmol/L, na tofauti yake ni zaidi ya mara tisa. Mama mmoja aliwahi kuja anacheka, PTH yake ilikuwa 600 na sasa imeandikwa 62. Alikuwa amebadilisha maabara. Ile 62 ilikuwa ya pmol/L, ukizidisha kwa 9.4 unapata kama 583. Alikuwa pale pale alipokuwa. Tena mitambo ya PTH yenyewe hutofautiana, kwa hiyo ukiweza baki na maabara moja.

Kalsiamu nayo ina mtego. Sehemu kubwa yake husafiri imeshikamana na albumini, na wagonjwa wetu wengi albumini iko chini. Unaisahihisha hivi: chukua 40, toa albumini yako kwa g/L, zidisha kwa 0.02, ujumlishe kwenye kalsiamu ya mmol/L. Mfano, kalsiamu 2.05 na albumini 28: 40 toa 28 ni 12; mara 0.02 ni 0.24, jumla 2.29. Karatasi ilikuwa inasema imeshuka, kumbe iko sawa. Ndivyo watu wanavyoongezewa dawa wasiyoihitaji.

Sasa lengo. Usitafute PTH ya mtu mzima wa afya. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO, toleo la 2017, unasema kwa aliyeko kwenye dayalisisi PTH iwe takriban mara 2 hadi 9 ya kiwango cha juu cha kawaida cha maabara husika. Maabara ikiandika mwisho wa kawaida ni 65 pg/mL, basi wewe unatafuta kati ya 130 na 585. Maabara itakupigia alama nyekundu hata ukiwa na 300; isikutishe. Kinachoangaliwa zaidi ni mwelekeo: 250, halafu 390, halafu 540 ni habari mbaya hata kama zote ziko ndani ya mipaka.

Andika namba hizi kwenye daftari, tarehe upande wa kushoto, maabara upande wa kulia.

Hatua ya 2: Tambua kidonge ulichopewa ni kipi

Watu wanasema "vitamini D" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni koo tatu.

Kuna kalsitrioli, iliyoiva kabisa, inamezwa na kuanza kazi. Kwenye boksi utasoma Calcitriol, na jina la kibiashara mojawapo ni Rocaltrol. Kuna alfakalsidoli, Alfacalcidol au One-Alpha, ambayo imeshapikwa upande wa figo na inasubiri ini tu. Hizi mbili ndizo dawa za mifupa ya dayalisisi zinazopatikana zaidi kwetu. Hupimwa kwa mikrogramu: 0.25, 0.5, na alfakalsidoli ipo hata ya 1. Nchi nyingine hutumia pia parikalsitoli, hasa ya sindano inayowekwa kwenye mashine.

Ukoo wa tatu ni kolekalsiferoli, D3, ile mbichi. Hupimwa kwa uniti: 1,000, 5,000, hadi 50,000. Daktari anaweza kukupa kujaza akiba kama 25-OH iko chini, na si kosa kuwa nayo pamoja na alfakalsidoli. Lakini haichukui nafasi yake, kwa kuwa jiko la pili limezimika.

*Angalia hapa:* kidonge cha uniti 50,000 kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki au kwa mwezi. Nimekutana na mzee aliyekimeza kila asubuhi kwa wiki tatu kwa sababu duka la dawa lilimwandikia 1x1 kwenye bahasha na yeye akafuata bahasha. Mwili huhifadhi D3 kwenye mafuta, kwa hiyo ukiizidisha haitoki kesho. Alikaa muda mrefu na kalsiamu ya juu, mdomo mkavu, haja kubwa imefunga, na familia ikidhani ni uzee umemfika ghafla.

*Na hapa:* mikrogramu si miligramu. Miligramu moja ni mikrogramu elfu moja. Ukiona mtu ameandika 0.25 mg kwenye karatasi yako ya dawa, rudi umuulize kabla hujatoka getini.

*Na hapa tena:* kuna vidonge vya kalsiamu vilivyochanganywa na D3, na vipo kutoka India vilivyochanganywa na kalsitrioli yenyewe. Ukimeza hivyo na alfakalsidoli ya hospitali, umemeza dozi mbili bila kujua. Geuza boksi, soma maandishi madogo. Kama macho hayaoni, mpe kijana asome kwa sauti.

Hatua ya 3: Shusha fosforasi kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ningekushika nayo mkono kama ningeruhusiwa kushika moja tu. Vitamini D iliyoiva haichagui: inafungulia utumbo mlango wa kalsiamu na mlango wa fosforasi kwa pamoja. Ukiianza fosforasi ikiwa tayari 2.4 mmol/L, unamwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Daktari makini atakwambia tusubiri kidogo, tuishushe kwanza. Usimwone anakunyima dawa.

Zipo njia tatu za kuishusha, na zinakwenda pamoja.

*Mashine.* Wiki ina saa 168. Anayesafishwa mara tatu, saa nne nne, anapata 12. Wengi wetu, kwa sababu ya fedha, wanasafishwa mara mbili, ni saa 8 tu. Fosforasi hutoka polepole, kwa hiyo kila nusu saa unayoomba "nitoe mapema sista, nina msiba Mbagala" inahesabika. Usipunguze muda wako.

*Chakula.* Fosforasi mbaya kuliko zote ni ile ya kiwandani, kwa sababu huingia karibu yote: soda nyeusi, soseji, jibini la kusindika, nyama zilizodungwa maji ya chumvi. Inayofuata ni ya wanyama: maziwa, maini, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Ya mimea, kama ya maharage na dona, huingia sehemu tu kwa sababu imefungwa ndani ya punje, kwa hiyo usimwondolee mgonjwa maharage yote ukambakishia chai na mkate; atadhoofika kwa kukosa protini. Nyama ichemshe, mwaga maji ya kwanza, ndipo uiunge. Ute wa yai ni rafiki. Kiini ndicho chenye fosforasi.

Na makongoro. Kila mgonjwa wangu mwenye maumivu ya mifupa ameshaletewa supu ya makongoro na shemeji mwenye nia njema. Mfupa wa ng'ombe hauendi kuwa mfupa wako. Kinachokwenda ni fosforasi, potasiamu, chumvi na bakuli zima la maji ambalo Jumatano tutahangaika kulitoa. Mshukuru shemeji, mpe bakuli mwanao.

*Vifunga fosforasi.* Hivi ni vidonge vinavyoinasa fosforasi tumboni ili itoke na choo: kalsiamu kabonati, sevelama, lanthani. Vinafanya kazi vikikutana na chakula. Ukimeza saa mbili baada ya kula, sevelama na lanthani ni bure, na kalsiamu kabonati inakuwa tu kalsiamu ya nyongeza, ambayo pengine huitaki. Kalsiamu kabonati tafuna katikati ya mlo. Lanthani ya kutafuna nayo tafuna hadi ilainike. Sevelama meza nzima. Mlo ulio mkubwa ndio upewe vidonge vingi: kama mchana wako ni ndizi mbili na usiku ni wali na samaki, usigawanye sawa kwa sawa, muulize daktari uvihamishie usiku. Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga kwa ruhusa ya daktari, vinahamia futari na daku. Kimoja cha adhuhuri kilichomezwa kwenye tumbo tupu kwa mazoea hakina kazi, na funga umeifungua bure.

Hatua ya 4: Meza kama ilivyoandikwa, kwa saa moja ile ile

Kuna mitindo miwili. Wengine huandikiwa kila siku dozi ndogo, mara nyingi ikianza na 0.25. Wengine mara mbili au tatu kwa wiki, siku za mashine. Mtindo wa pili una faida kwamba muuguzi anaweza kukuona ukimeza pale pale. Fuata ulioandikiwa wewe, usifuate wa jirani wa kiti cha pili.

Mimi hupendekeza usiku, unapokwenda kulala, kama daktari hana neno. Sababu ni mbili. Kwanza, tumbo halina chakula kingi cha kuingizwa kalsiamu yake. Pili, sevelama inaweza kuinasa kalsitrioli pia, kwa hiyo zikae mbali. Maji ni funda moja tu, unayajua masharti yako. Maziwa hapana.

Ukisahau, meza siku inayofuata dozi yako ya kawaida. Usifidie. Vidonge vingi vya aina hii ni laini, vina mafuta ndani. Usivitoboe wala usivifungue. Havipendi mwanga wala joto, kwa hiyo visikae kwenye dashibodi ya gari wala dirishani. Viache kwenye boksi lake, mahali penye kivuli.

*Kosa la kila siku:* kuongeza kidonge kwa sababu ya maumivu. Hii si dawa ya kutuliza. Mifupa iliyoliwa kwa miaka mitatu haijengeki kwa wiki tatu. Unaweza kumeza vizuri kabisa na bado magoti yakauma miezi miwili ya kwanza. Dozi inafuata karatasi ya maabara.

Hatua ya 5: Rudi maabara kwa ratiba

Baada ya kuanza, au kila dozi inapobadilishwa, kalsiamu na fosforasi zirudiwe ndani ya wiki mbili hadi nne. Mambo yakitulia, kila mwezi mmoja hadi mitatu. PTH kila miezi mitatu hadi sita. ALP angalau mara moja kwa mwaka, mapema zaidi kama PTH iko juu. Kipimo cha PTH ni ghali na wengi wanakiruka. Nikilazimika kuchagua, sitaki uruke kalsiamu. PTH ya juu huumiza kwa miezi, kalsiamu ya juu inaweza kukupeleka kubaya ndani ya siku.

Damu itoke kabla ya mashine kuanza, kabla ya heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Na uangalie chupa. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ina kemikali inayoshika kalsiamu. Ni nzuri kwa PTH na kwa hesabu ya damu, lakini kalsiamu ikipimwa humo itatoka chini vibaya sana na potasiamu itatoka juu ya kutisha. Ukiona kalsiamu 0.9 na potasiamu 12 kwa mtu aliyekaa anakula andazi, si muujiza, chupa imekosewa. Damu irudiwe.

Hatua ya 6: Jua mahali pa kusimama

Piga simu kitengo, usimeze dozi inayofuata hadi ujibiwe, kama:

- kalsiamu iliyosahihishwa imevuka kiwango cha juu cha maabara;
- fosforasi inapanda kila kipimo licha ya vifunga;
- PTH imeshuka chini ya mara 2 ya kiwango cha juu;
- una kichefuchefu kisicho na sababu, choo kimefunga kabisa, kiu kupita kawaida, usingizi wa mchana, au watu wa nyumbani wanasema maneno yako hayaeleweki.

Hilo la PTH kushuka sana huwashangaza watu. Mifupa hai huvunjwa kidogo na kujengwa kidogo kila siku. Ukiizima PTH kabisa, fundi wote wanaenda likizo: mfupa unabaki wa zamani, unavunjika kwa urahisi, na kalsiamu inayoingia haina pa kukaa, inakwenda kwenye mishipa. Dawa iliyofanya kazi mno nayo ni ugonjwa.

Hatua ya 7: Pitia mfuko wako wa dawa nyingine

Vidonge vya kiungulia vya kutafuna, vile tunavyoviita "magnesiamu" na kuuziwa kila duka, vingi vina alumini. Kwa mtu wa dayalisisi alumini haitoki vizuri, inakwenda kukaa kwenye mifupa na ubongo. Achana navyo, omba dawa nyingine ya kiungulia.

Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A, ambayo kwa mgonjwa wa figo hujilimbikiza. Hayafai, hata kama chupa imetoka Uingereza na mjomba.

Kama uko kwenye dawa za TB, rifampisini huharakisha uvunjaji wa vitamini D mwilini. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitali hufanya hivyo hivyo. Daktari wa figo lazima ajue. Digoksini ya moyo ni hatari zaidi kalsiamu ikipanda. Na kalsiamu kabonati hushika dawa nyingine tumboni: siprofloksasini, doksisaiklini, vidonge vya damu, dawa ya tezi ya shingo. Ziachane kwa saa kadhaa, mfamasia atakupangia.

Mitishamba siibishii hapa, ila niletee jina lake na kipande chake.

Mambo yasipokwenda

*PTH haishuki miezi sita sasa.* Kabla ya kulaumu dawa, rudi hatua ya 3. Mara nyingi nikihesabu vifunga vilivyobaki nyumbani nakuta nusu. Kama fosforasi imekaa sawa, dozi imepandishwa na bado PTH inapaa, huenda tezi zimekua hadi hazisikii tena. Hapo huja dawa kama sinakalseti, ambayo humezwa na chakula na hushusha kalsiamu pia, au upasuaji wa kuziondoa tezi.

*Kalsiamu imepanda na sijabadilisha kitu.* Angalia kidonge cha mchanganyiko, D3 ya ziada, kalsiamu kabonati uliyoongeza mwenyewe, na maji ya mashine. Vyote viko safi? Taja kama una kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku, au unakonda. TB inaweza kutengeneza vitamini D iliyoiva yenyewe, bila figo, na kupandisha kalsiamu. Sisi wa huku hatupaswi kuisahau.

*Midomo na vidole vinafanya ganzi, misuli inakaza.* Huenda kalsiamu imeshuka, hasa kama uko kwenye sinakalseti au umetoka kuondolewa tezi. Baada ya upasuaji huo mifupa huinyonya kalsiamu kwa pupa, na mgonjwa huhitaji kalsiamu na alfakalsidoli nyingi kwa wiki kadhaa. Degedege au moyo kwenda ovyo, nenda hospitali sasa hivi.

*Ngozi inawasha usiku kucha, macho mekundu.* Mara nyingi ni fosforasi. Mafuta ya nazi yatapunguza ukavu, muwasho utarudi.

*Kidonda cheusi chenye maumivu makali pajani, tumboni au kwenye shavu la mguu.* Usipake kitu, usisubiri siku ya mashine. Inaweza kuwa mishipa midogo ya ngozi imeziba kwa kalsiamu, na ni dharura. Sema kama unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

*Maumivu yamehamia sehemu moja, ghafla, baada ya kujikwaa.* Omba eksirei siku hiyo hiyo. Na nyumbani ondoa lile zulia la mlangoni, weka taa ya njia ya chooni.

*Dawa imekosekana dukani.* Usibadilishe alfakalsidoli kwa kalsitrioli kwa kufananisha namba za boksi. Si lazima zilingane nguvu. Usichukue D3 "ya muda". Siku chache bila dawa hazikuui. Piga simu kitengo, andika kwenye daftari tarehe uliyoishiwa, na uje na boksi tupu, maana jina lililo juu yake ndilo tutakalolitafuta.